Stadi ya Ekzosi Iliyokatikia Ndani
Stadi za ekzosi hukatika kwa sababu ya joto: manifoldi hutanuka na kusinyaa kila injini inapowaka na kupoa, huku kutu ikizishika hesi. Stadi ni ngumu kuliko silinda hedi ya aluminiamu, na mkato wake hauko sawa. Drili ikishikwa kwa mkono tu, biti huteleza na kuila hedi.

Dawa yake ni kielekezi cha kujitengenezea gerejini: bushi ya chuma iliyokerezwa, nje ikienea bila kucheza katika tundu la manifoldi, ndani ikiwa na tundu la milimita 4 katikati kabisa. Manifoldi hurudishwa na kukazwa kwa stadi zilizobaki, bushi ikachomekwa, kisha drili ikaendeshwa polepole kwa mafuta. Utepe huzungushwa kwenye biti kuonyesha kina, maana nyuma ya baadhi ya stadi kuna njia ya maji.

Ekstrakta, kifaa cha kung'olea stadi iliyokatika kinachokimbiliwa na mafundi wengi, ikivunjikia ndani haitoboki kwa biti ya kawaida. Kwa stadi ya M8 yenye hesi za milimita 1.25, ni salama zaidi kupanua tundu kidogo kidogo hadi milimita 6.8, kung'oa mabaki kwa ncha kali, kisha kupitisha tapu.