Mawimbi ya Zamani Sana

 Fungueni madaftari yenu. Somo la leo ni juu ya mawimbi.

Nyinyi wavuvi wa Kojani mnayajua mawimbi kuliko mimi. Siku nyengine upepo umetulia, lakini chombo chapanda na kushuka. Mawimbi hayo yametoka wapi? Yametoka kwenye dhoruba ya mbali. Dhoruba imekwisha, habari yake ndiyo kwanza inafika.

Na angani pia mna mawimbi. Mwaka 1916 mtaalamu Albert Einstein alisema: vitu vizito sana vikizungukana kwa mbio, anga yenyewe hutikisika. Tarehe 14 Septemba 2015, mitambo miwili ya Marekani, yenye mikono ya urefu wa kilomita 4, ililipata wimbi la kwanza la namna hiyo.

Lakini liko wimbi la zamani zaidi linalotafutwa, la mwanzo wa ulimwengu, miaka bilioni 13.8 iliyopita. Kwa nini latafutwa? Kwa sababu zama zile ulimwengu ulikuwa kama ukungu mzito, mwanga haupiti. Wimbi hili hupita.

Mwezi wa Machi 2014, wataalamu wenye darubini kwenye Ncha ya Kusini walitangaza kwamba wameiona alama yake. Watu wengi wakashangilia. Wataalamu wengine wakapima tena. Mwaka 2015 ikadhihirika kuwa alama ile yaweza kuwa ya vumbi tu lililo baina ya nyota. Wale wa kwanza wakapima pamoja nao, wakakubali.

Mwaka 2023, vikundi kadhaa vilivyopima nyota zinazopiga kama saa vilipata dalili za mvumo wa mawimbi kutoka pande zote. Lakini huenda mvumo huo watoka kwenye mashimo meusi makubwa yanayozungukana. Wimbi la mwanzo lenyewe halijapatikana mpaka leo.

Hapa tujifunze. Mwezi ukiandama, mtu akisema ameuona, sisi huuliza: nani mwengine kauona? Basi na habari nyengine tuziulize hivyo hivyo, iwe ya dawa, ya bei ya karafuu, au ya mbinguni. Na mwenye kukosea akikubali, hajavunjika heshima.

Maswali ya kujibu darasani:
1. Kwa nini chombo hutikisika siku isiyo na upepo?
2. Ni kitu gani kiliwadanganya wataalamu mwaka 2014?
3. Wewe uliwahi kuamini habari ya mtu mmoja tu? Ikawaje?

Kwaherini, mpaka somo lijalo.