Kabla ya Kulipia Safari ya Miguu Kwenda Ziwa Natron



Sisi tunaoishi kando ya Ziwa Victoria tumezoea maji kiasi cha kuyasahau. Atembeaye kutoka Kirumba hadi Igoma akishikwa na kiu hununua chupa njiani, na akichoka hupanda daladala. Mazoea hayo ni hatari kwa kikundi kitakachochangishana fedha ili kwenda kutembea kutoka nyanda za juu za Ngorongoro hadi Ziwa Natron.

Safari hiyo huchukua siku tatu au nne. Huanza katika ukungu na baridi, kwa kuwa sehemu ya juu ya ukingo wa Empakaai inapita meta 3,000 kutoka usawa wa bahari. Kisha njia huteremka Bonde la Ufa hadi Engaresero, kwenye meta 600 hivi, karibu nusu ya mwinuko wa Mwanza. Huko joto la mchana huweza kufika nyuzi 40, miti ni haba, na ardhi ya majivu ya volkano ya Ol Doinyo Lengai hupokea jua na kulirudisha usoni. Ziwa lenyewe halinyweki. Ni magadi makali, na mtu anaweza kulitazama huku akizidiwa na kiu.

Kwa hiyo swali la kwanza kwa mwenye kampuni lisiwe bei. Muulizeni kila mtu atapata lita ngapi za maji, nani atayabeba, na yatajazwa tena wapi. Lita nne kwa siku si anasa kwa atembeaye juani, na siku ya kuteremka bondeni huenda zisitoshe. Kikundi cha watu 20 kitahitaji basi lita 80 kila siku, yaani madumu manne ya lita 20. Mzigo huo haubebwi mgongoni na wasafiri. Lazima pawe na punda au gari. Akijibu tu kwamba maji yapo njiani, msilipe.

Ombeni kuona leseni ya kampuni na ya kiongozi wa msafara, ambazo hutolewa chini ya Sheria ya Utalii ya mwaka 2008. Ndani ya eneo la Ngorongoro kuna nyati na chui, hivyo matembezi huhitaji kibali cha Mamlaka na askari mwenye silaha. Ulizeni kama gharama hizo zimo katika bei mliyotajiwa. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji kuhusu huduma anayouziwa, lakini ahadi ya mdomo ni ngumu kuithibitisha. Iandikwe katika mkataba, nanyi mdai risiti. Mkidanganywa, lalamikeni Tume ya Ushindani.

Kuna kifungu ambacho wengi hukisahau, nami nakiona kuwa na uzito kuliko vyote: kiongozi awe na mamlaka ya kusimamisha safari, na mkataba ueleze fedha zitakuwaje akifanya hivyo. Pasipo kifungu hicho, watu huendelea kutembea kwa sababu tu wamekwisha lipa.

Njiani, anzeni alfajiri na mpumzike saa za jua kali. Bebeni pakiti za ORS, maana jasho huondoka na chumvi, na kunywa maji matupu kwa wingi hakuirudishi. Wanaotamani kuona nyayo za watu wa kale zilizohifadhiwa katika majivu pale Engaresero wangoje asubuhi ifuatayo, hazitaondoka.

Mwenzenu akianza kupepesuka, kusema maneno yasiyoeleweka, au ngozi yake ikiwa moto mno, msimhimize ajikaze. Mwekeni kivulini, mvueni nguo nzito, mlowesheni maji, mpepeeni, na mtu mwingine atafute gari mara moja. Aliyepoteza fahamu asinyweshwe kitu. Simu huenda isishike mtandao. Kabla ya kuondoka, mwachieni ndugu aliyebaki Mwanza ratiba, namba ya kampuni, na saa ambayo akikosa kusikia kutoka kwenu atapaswa kuipigia.