Kura Iliyonunuliwa Humlipisha Aliyeiuza

Tarehe 29 Desemba, 1992, wananchi wa Kenya walipiga kura katika uchaguzi mkuu wa kwanza wa vyama vingi tangu ule wa mwaka 1963. Kwa mtazamaji wa nje, uhuru wa kuchagua ulikuwa umerejea. Lakini kabla ya masanduku kufunguliwa, noti mpya za shilingi 500 zilikuwa zimekwisha kupita mikononi mwa watu wengi. Wananchi waliipa noti hiyo jina la Jirongo, kiongozi wa kundi la vijana lililokipigia debe chama tawala cha KANU.

Ingekuwa kosa kudai kwamba fedha peke yake ndiyo iliyompa ushindi Rais Daniel arap Moi. Wapinzani waligawanyika, naye akashinda kwa asilimia 36 hivi ya kura. Hata hivyo, fedha ikizidi katika mzunguko bila mali kuongezeka, deni lake lazima lilipwe. Mwaka 1993 bei za bidhaa nchini Kenya zilipanda kwa wastani wa asilimia 46 hivi. Aliyepokea noti aliirudisha dukani, pamoja na ziada, alipokwenda kununua unga na mafuta ya taa. Aliyeikataa naye alilipa vilevile. Mkulima, mwalimu na askari, wote walilipa.

Mwaka 2013 Kenya ilitunga sheria ya kuweka kikomo cha gharama za kampeni. Sheria hiyo haikutumika katika uchaguzi wa 2017. Na mwaka 2021 wabunge walizikataa kanuni za Tume ya Uchaguzi za kuitekeleza. Mganga hajigangi: waliotakiwa kujiwekea mipaka ndio hao hao waliokuwa wakijiandaa kuomba kura.

Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Tanzania nayo iliwahi kuhalalisha takrima katika sheria yake ya uchaguzi mwaka 2000, mpaka Mahakama Kuu ilipoibatilisha mwaka 2006. Sheria ya Gharama za Uchaguzi ikafuata mwaka 2010. Lakini sheria pekee haitoshi iwapo mpokeaji na mtoaji wamekubaliana gizani.

Hasara kubwa zaidi haionekani siku ya kura. Mtu mwadilifu asiye na fedha hashindwi katika sanduku. Jina lake halifiki hata kwenye karatasi. Mwananchi huachiwa kuchagua miongoni mwa wale ambao fedha imekwisha kuwachagua.

Katiba ya Tanzania inamkataza askari kujiunga na chama chochote cha siasa, lakini inamwachia haki ya kupiga kura. Hivyo yeye ni mlinzi wa uchaguzi, na ni mpiga kura pia. Bunduki yake yaweza kulizuia sanduku lisiibwe usiku. Haiwezi kuikomboa kura iliyokwisha kuuzwa mchana. Kura hiyo hulindwa na mwenyewe, kwa kukataa kupokea.