Gitaa Baada ya Kustaafu

(Hotuba iliyotolewa katika mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani)



Kamati iliponiandikia kunitaka nizungumze juu ya matumizi ya wakati baada ya kazi, nadhani ilitazamia habari za kuku wa mayai au bustani ya mboga. Hayo wapo wenzangu wanaoyajua kuliko mimi. Mimi nitazungumza juu ya gitaa, na hasa juu ya muziki uitwao bluzi, ambao nilianza kujifunza nikiwa na umri wa miaka 59. Gitaa lenyewe nimeliacha nyumbani, kwa hiyo msiwe na hofu.

Kwanza niseme bluzi ni nini, maana vijana wengi hawaijui. Ni muziki uliozaliwa Kusini mwa Marekani, mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, miongoni mwa watu Weusi, watoto na wajukuu wa waliokuwa watumwa. Wengi wao walilima pamba katika mashamba ya watu wengine kwa kugawana mazao. Waliimba juu ya deni, safari, mapenzi yaliyovunjika, mafuriko na jela. Mwaka 1920 mwimbaji Mamie Smith aliimba bluzi katika sahani ya santuri, na sahani hiyo ikauzwa sana. Baadaye watu walipohamia miji ya kaskazini kutafuta kazi, muziki wao ulihama nao. Muddy Waters aliondoka Mississippi mwaka 1943 akaenda Chicago, na huko bluzi ikapigwa kwa gitaa la umeme.

Sasa, kwa nini mtu mzima aanze na muziki huu? Sababu ya kwanza ni kwamba nyumba yake ni ndogo. Bluzi ya kawaida ina hatua 12, na kila hatua ina mapigo manne. Inahitaji mashiko matatu tu ya nyuzi, ambayo wapigaji huyaita kodi. Si ile ya serikali, wala si ile ya mwenye nyumba. Hatua nne za kwanza unakaa kwenye shiko la kwanza, yaani nyumbani. Unakwenda kwenye shiko la pili kwa hatua mbili, unarudi nyumbani kwa hatua mbili. Kisha hatua moja ya shiko la tatu, moja ya shiko la pili, na mbili za mwisho uko nyumbani tena. Mtu anayeweza kuhesabu hadi kumi na mbili ameshaijua njia. Kazi iliyobaki ni kuitembea vizuri, nayo haina mwisho.

Sababu ya pili ni kwamba bluzi haikulazimishi kukimbia. Mara nyingi mwimbaji huimba mstari mmoja, kisha akaurudia, kisha akautolea jibu. Baada ya kila mstari yeye hunyamaza, na gitaa humwitikia. Sauti nne au tano zilizopigwa mahali pake zinatosha. Kijana hupenda kuijaza nafasi ile yote. Sisi tuliokaa miaka mingi katika vikao tunajua faida ya kumwacha mwenzako amalize kusema.

Lakini sitaki kuwadanganya kwamba ni kazi rahisi. Wiki za kwanza ncha za vidole huuma mpaka zinapoota sugu. Vidole vilivyoshika kalamu miaka thelathini na tano havipendi kutanuka. Nawashauri wenye nia waanze na nyuzi nyembamba, na wapige dakika ishirini kila siku badala ya saa tatu siku ya Jumamosi. Mkono hujifunza kwa kurudia, na hujifunza zaidi baada ya kulala usingizi. Tena wasiharakishe mapigo. Bluzi nyingi huchechemea: kila pigo hugawanywa mara tatu, mbili za kwanza zikaunganishwa, ikawa ndefu, fupi, ndefu, fupi. Mimi nilikaa miezi miwili na kuchechemea huko kabla mguu wangu haujakubali kwenda pamoja na kidole gumba.

Hata hivyo, vidole sivyo vilivyokuwa vigumu zaidi. Kilichokuwa kigumu zaidi kilikuwa heshima. Mwalimu wangu ni kijana anayelingana na mjukuu wangu wa kwanza. Mwezi mzima nilipiga ovyo, naye akasema, "Vizuri sana, mzee." Angewezaje kusema vingine? Amelelewa asimkosoe mkubwa wake. Nami nilikuwa nimezoea ofisini kwamba nikisema jambo, basi limekwisha. Heshima yake kwangu ilikuwa inaninyima elimu niliyoilipia. Ikabidi tukae tukapatana: shikamoo tunaimaliza mlangoni, na ndani ya saa ile yeye ni mwalimu na mimi ni mwanafunzi. Siku aliyothubutu kuniambia, "Mzee, bado, rudia," ndiyo siku masomo yalipoanza.

Nalitaja hili kwa sababu naona wengi wetu tunaostaafu tunashindwa hapo. Tuna wakati, na pengine tuna akiba kidogo, lakini hatukubali kuonekana hatujui. Tunabaki barazani tukieleza yale tuliyoyajua zamani. Majirani nao husema, "Mzee na gitaa? Amepatwa na nini?" Basi mtu anaogopa, analitundika gitaa ukutani.

Katika historia ya muziki huu wapo waliotutangulia. Elizabeth Cotten wa North Carolina alizaliwa miaka ya 1890. Alipokuwa msichana alifanya kazi za nyumbani akajinunulia gitaa la dola 3 na senti 75. Alitumia mkono wa kushoto, na kwa kuwa hakuwa na gitaa la kushoto, aliligeuza la kawaida, akawa anapiga besi kwa vidole na kuimbisha nyuzi nyembamba kwa kidole gumba. Baadaye aliliacha gitaa kwa miaka mingi sana. Alilishika tena akiwa mtumishi katika nyumba ya familia ya wanamuziki, umri wake ukiwa unakaribia au umepita miaka 60. Sahani yake ya kwanza ilitoka mwaka 1958. Mwaka 1985 alipewa tuzo ya Grammy akiwa ameshatimiza miaka 90, na alifariki mwaka 1987. Naye Mississippi John Hurt alirekodi mwaka 1928, kisha akarudi kwenye kazi za shamba kwa miaka thelathini na mitano. Alitafutwa na kupatikana mwaka 1963, akapiga mbele ya maelfu ya watu mpaka alipofariki mwaka 1966.

Hao walikuwa na mbegu ya utotoni, nami sijilinganishi nao. Ninachosema ni kwamba mkono ulioshika jembe au ufagio miaka mingi uliweza kurudi kwenye nyuzi.

Wala tusidhani kwamba upigaji wa vidole ni mgeni kwetu. Mwaka 1952, huko Jadotville, mji unaoitwa Likasi siku hizi, Hugh Tracey alimrekodi Jean Bosco Mwenda, kijana aliyeimba kwa Kiswahili huku akipiga kwa kidole gumba na cha shahada. Wimbo wake "Masanga" unachunguzwa na wapigaji gitaa mpaka leo. Nilipoisikia bluzi ya John Hurt, sikio langu lilikuwa limeshaandaliwa na Mwenda.

Ninyi vijana, mnajua methali isemayo samaki mkunje angali mbichi. Ni kweli, mkianza leo mtatushinda, basi anzeni. Lakini samaki hukunjwa na mtu mwingine, naye binadamu anaweza kujikunja mwenyewe. Mzee akija kwenu kujifunza jambo mnalolijua, iwe gitaa au simu yake ya mkononi, msimsifu uongo kwa ajili ya mvi zake. Mwambieni kwa adabu kwamba bado, arudie.

Na kwenu wanachama wenzangu nina ombi moja. Chama chetu kinunue magitaa mawili ya kawaida, na nyuzi za akiba, yakae katika maktaba ya shule. Yatumiwe na wanafunzi siku za juma. Jumamosi alasiri yatumiwe na mwanachama yeyote anayekaa karibu, chini ya mwalimu atakayetoka miongoni mwa wanafunzi wenyewe. Mchango wa kwanza nimeshaukabidhi kwa Mweka Hazina, na jina langu liandikwe la kwanza katika orodha ya wanaofundishwa.