Mgeni Ale, Mchezaji Naye Ale

(Mazungumzo ya juma hili, kama yalivyosomwa redioni)



Leo nataka tuzungumze juu ya biashara moja ambayo wengi wetu hatuihesabu kuwa biashara. Nayo ni ile ya kumkalisha mgeni mezani usiku, kumpa chakula, kisha kumchezea ngoma. Hoteli zetu za pwani huifanya, kuanzia Malindi na Diani hadi Bagamoyo na Unguja. Wafaransa nao huifanya, tena wao wameifanya kwa zaidi ya miaka 130. Nilipopita Paris safarini nilitenga jioni nzima kwenda kuitazama. Starehe niliipata, sikatai. Lakini hasa nilitaka kujua wenzetu wanapigaje hesabu zao, na hesabu hizo ndizo nilizowaletea leo.

Wao huiita kabare. Ni ukumbi ambamo watu hukaa mezani wakila na kunywa, na mbele yao jukwaani kuna muziki, uchezaji, sarakasi na vichekesho. Mashuhuri kuliko zote ni Moulin Rouge, maana yake Kinu Chekundu. Ilifunguliwa tarehe 6 Oktoba 1889 na mabwana wawili, Joseph Oller na Charles Zidler, chini ya kilima cha Montmartre, mwaka ule ule uliofunguliwa mnara wa Eiffel. Juu ya paa waliweka kinu cha upepo kilichopakwa rangi nyekundu. Kinu hicho hakikuwekwa pale kusaga nafaka. Kazi yake tangu siku ya kwanza ni kuvuta macho ya mpita njia, na mpaka leo kinayavuta. Mwezi Aprili mwaka 2024 mapanga yake yalianguka usiku, habari zikaenea dunia nzima. Kabla ya Julai kwisha mapya yalikuwa yamekwisha kuwekwa, maana michezo ya Olimpiki ilikuwa mlangoni na wageni walikuwa njiani. Mfanyabiashara anayejua thamani ya kibao cha duka lake hachelewi kukitengeneza.

Sasa niwasimulie jioni yenyewe. Anayetaka chakula huingia mapema, kwani mlo huanza kama saa moja usiku. Onyesho la kwanza ni saa tatu, na la pili hufuata baadaye usiku. Tiketi ya mlo pamoja na onyesho inazidi yuro 200 kwa mtu mmoja. Asiyetaka chakula hulipa pungufu sana. Ukumbi unachukua watu wapatao 850, na kila meza ina taa ndogo nyekundu. Meza zimebanana, kiwiko chako kinagusa cha jirani. Mimi niliketishwa na mzee mmoja na mkewe kutoka Japani. Hatukuwa na lugha ya kuelewana, basi tukawa tunainamiana vichwa na kucheka kila chakula kilipoletwa. Wakati tunakula bendi ilipiga nyimbo za zamani taratibu, ili mtu asimeze kwa haraka.

Ilipogonga saa tatu taa zilizimwa, na kamera zikapigwa marufuku. Pazia lilipofunguka walitoka wachezaji wengi mno, wanawake kwa wanaume, vichwani wamebeba manyoya ya ndege yaliyopanda juu kama mkungu wa mnazi. Onyesho hilo linaitwa Féerie, nalo limechezwa tangu mwaka 1999. Wachezaji wake ni wapatao 60, na mavazi yapatayo 1,000. Mwanamke haajiriwi kucheza pale kama hajafika urefu wa mita 1.75, na mwanamume mita 1.85. Katikati ya uchezaji walikuja wanasarakasi, na mmoja wao aliwafanya watu wasahau vinywaji vyao.

Niseme na hili, maana msikilizaji anaweza kupanga kwenda huko na mama mkwe: wapo wachezaji wa kike wanaocheza vifua wazi. Kwao ni desturi ya jukwaa, na wazee kwa vijana walitazama bila mtu kupiga mluzi. Kila mtu atapima kwa mizani ya kwao.

Kilele cha usiku ni kanikani, uchezaji wa sketi pana na mateke ya juu. Wachezaji hupiga kelele, huzunguka kwa mguu mmoja huku mwingine wameushika mkononi, kisha hujitupa sakafuni miguu ikiwa imenyooka, mmoja mbele, mwingine nyuma. Mzee wa Kijapani alifumba macho. Nadhani nyonga zake zilimkumbusha umri.

Hapo ndipo nilipoanza kuhesabu. Nyuma ya kila mchezaji mmoja jukwaani kuna fundi wa viatu, fundi wa manyoya, mshona nakshi, fundi wa taa, mpishi, mhudumu, mfua nguo. Ukumbi ule ulipoona mafundi wa kazi hizi wanapungua mjini Paris, ulifanya jambo la akili sana. Ulinunua karakana zenyewe. Karakana ya viatu ya Clairvoy sasa ni yake, na karakana ya manyoya ya Février ni yake pia. Maana yake ni kwamba ujuzi hautakufa na mzee mmoja. Hivyo ile tiketi ya yuro 200 inalipia vitu vingi kuliko nyama na shampeni. Inalipia mshahara wa fundi anayemfundisha kijana kushona unyoya mmoja mmoja.

Lakini, ndugu wasikilizaji, msidhani mambo yalianza hivyo. Mchezaji aliyeupa ukumbi ule jina aliitwa Louise Weber. Alikuwa binti wa tabaka la wafua nguo, na jina lake la jukwaani, La Goulue, maana yake ni Mlafi, kwa kuwa alizoea kunyakua glasi za wateja na kuzimaliza akipita. Mchoraji Toulouse-Lautrec alimchora katika tangazo la mwaka 1891, na tangazo hilo leo limo katika makumbusho na katika vitabu vya sanaa duniani kote. Wakuu na matajiri walikuja kumtazama. Aliondoka Moulin Rouge mwaka 1895 akajaribu kujitegemea, na mambo yakamwendea kombo. Mwishoni alikuwa akiuza karanga na viberiti barabarani, karibu na ukumbi ule ule aliokuwa ameujaza watu. Alikufa fukara mwaka 1929. Picha yake iliendelea kuuzwa, mwenyewe hakuwa na kitu.

Nimekisimulia kisa hiki kwa sababu hapa kwetu akina La Goulue ni wengi.

Wenye umri wanakumbuka Dar es Salaam ya miaka ya 1980 na 1990. Tulikuwa na kabare zetu, ila hatukuziita hivyo. Tuliziita maonyesho. Kulikuwa na Muungano, kulikuwa na Mandela, ikaja na Tanzania One Theatre, yaani TOT, chini ya marehemu Kapteni John Komba. Unalipa kiingilio, unakaa na soda au bia yako na mishikaki yako, na usiku mmoja unaona ngoma ya asili, sarakasi, vichekesho, mchezo wa kuigiza, halafu taarabu mpaka saa za mbali. Tena sarakasi zetu hazikuokotwa njiani, maana miaka ya 1960 Serikali ilipeleka vijana China wakajifunze. Mwaka 1981 kikaanzishwa Chuo cha Sanaa Bagamoyo, ambacho leo ni Taasisi, TaSUBa. Mbegu tulikuwa nayo, na shamba tulikuwa nalo.

Lakini tazameni tofauti. Kule Paris hakuna aliyeinuka mezani kwenda kumtunza mchezaji. Hapa kwetu mwimbaji wa taarabu akikugusa moyo, unainuka, unacheza kwa madaha mpaka mbele yake, unampa noti. Ni desturi nzuri, ina heshima yake, wala sisemi iachwe. Ninachosema ni kwamba tunza haiwezi kuwa mshahara. Tunza humfuata aliye mbele na kipaza sauti. Haimfikii mpiga ngoma aliyeketi nyuma, wala anayeshona mavazi, wala binti wa mstari wa tatu anayevuta nyonga tangu saa mbili. Tena tunza haina ugonjwa wala uzee. Siku ukiteguka kifundo cha mguu, tunza inahamia kwa mwenzako.

Ufaransa wana utaratibu wao kwa watu wa sanaa ambao kazi yao huja na kuondoka. Ulianza mwaka 1936 kwa mafundi wa filamu, baadaye ukawaingiza wasanii wa jukwaani. Msanii akifanya kazi saa 507 katika miezi 12, na michango ikalipwa, basi anapokosa kazi hupata posho ya kumshikilia. Kwa maneno mengine, sheria inatambua kwamba kucheza ni kazi.

Wala huko si peponi. Kabare nyingine kubwa ya Paris, Lido, iliyofunguliwa mwaka 1946, iliacha onyesho lake la wachezaji mwaka 2022. Wenye mali walitangaza kuondoa kazi 157 kati ya 184. Manyoya hayakuwaokoa. Nayo Moulin Rouge ilifungwa kwa korona kuanzia Machi 2020 hadi Septemba 2021. Biashara ya burudani ni ya kupanda na kushuka kila mahali. Tofauti ni kama mchezaji anaposhuka, chini yake kuna godoro au kuna sakafu.

Sasa turudi kwenye hoteli zetu za pwani. Kijana mmoja mcheza ngoma, ambaye sitamtaja wala sitaitaja hoteli, aliwahi kunieleza usiku wao unavyokwenda. Kikundi chao ni watu 12. Hoteli huwapa fedha ya mkupuo, bila karatasi. Kwanza inatolewa nauli ya kubebea ngoma. Kisha anatolewa fungu yule aliyewatafutia nafasi. Kinachobaki hugawanywa kwa 12. Wanacheza nusu saa pembeni ya meza za chakula, harufu ya samaki wa kuchoma ikiwapita puani, halafu wanapitia mlango wa nyuma. Mgeni haambiwi ngoma ile ni ya kabila gani, huchezwa jandoni au mavunoni, wala kikundi kinaitwa nani. Anaambiwa tu kwamba ni ngoma ya Kiafrika. Nikamwuliza, chakula je? Akacheka. Akasema, wakibakiza.

Wapo watakaosema dawa ni kuacha kabisa kuwachezea wageni, kwamba ni kudhalilisha utamaduni. Mimi sikubali. Kanikani ilikuwa ngoma ya watu wa hali ya chini wa Paris, na wakubwa waliiona ya aibu. Leo ndiyo inayoleta watu kutoka Japani na kutoka kwetu. Kumwonyesha mgeni ngoma yako kwa fedha si aibu. Aibu ni mwenye ngoma kungoja makombo.

Basi nina mambo matatu. La kwanza, mwenye hoteli aandikiane mkataba na kikundi: siku ngapi, fedha kiasi gani, akiumia mtu itakuwaje. Karatasi moja tu. Na katika karatasi hiyo kuwe na sahani ya chakula kwa kila mchezaji, kabla ya ngoma au baada yake, ila isiwe ya masalio. La pili, jina la ngoma na jina la kikundi vitangazwe na viandikwe pale inapoandikwa orodha ya vyakula. Kama samaki ana jina, ngoma nayo iwe na jina. La tatu, vikundi vyenyewe vijiandikishe, viweke akiba, na vichangie mifuko ya hifadhi ya jamii. Kiongozi wa kikundi anayewapunja wenzake hana tofauti na hoteli inayompunja yeye.

Na lipo letu sisi wa mijini, mimi na wewe msikilizaji. Tunaagiza bia tano bila kunung'unika. Lakini mlangoni tukiambiwa kiingilio, tunaanza kumtafuta tunayemfahamu ili tupite bure. Tukialika kikundi kwenye arusi tunabishana bei mpaka jasho linawatoka, na mpishi tumekwisha kumlipa jana yake. Tukifika Ulaya tunalipa yuro 200 na picha tunaziweka sebuleni. Mwenye kukuchezea arusini kwako naye ana watoto wanaosoma. Siku utakapomwalika, patana naye mapema, mlipe ngoma ikiisha, na mwambie mpishi amwekee sahani yake.

Tukijaliwa tutakutana tena juma lijalo.