Haiba ya Sackboy na Ujasiri wa Kuunda



Mhadhara huu una swali moja. Mchezo wa video wenye sura ya kitoto unawezaje kuwavuta watu wazima, tena si kuucheza tu, bali kukesha wakiunda vitu ndani yake? Nitalijibu kwa kuutazama LittleBigPlanet, mchezo wa konsoli ya PlayStation 3 uliotoka mwaka 2008. Waundaji wake ni Media Molecule, kampuni iliyoanzishwa mwaka 2006 mjini Guildford, Uingereza.

Mhusika mkuu, Sackboy, ni mwanasesere wa kitambaa cha kufuma, mwenye zipu kifuani. Hasemi neno. Ukibonyeza kitufe anacheka, ukibonyeza kingine ananuna, na mavazi yake unayachagua wewe. Dunia anamotembea imejengwa kwa sponji, kadibodi, mbao na stika. Wapo wanaoyaona haya kuwa mapambo ya kuwafurahisha watoto. Mimi nashikilia kuwa hapo ndipo nguvu ya mchezo mzima ilipo.

Kadibodi na sponji ni vitu ambavyo karibu kila mmoja wetu amewahi kuvishika. Tunajua kipi kizito na kipi chepesi, na ndani ya mchezo vitu hivyo huanguka, huyumba na kuviringika vile tunavyotarajia. Mchezaji anapofungua sehemu ya uundaji, hatakiwi kwanza kujifunza kuandika programu. Anaanza na anachokijua. Isitoshe, dunia iliyoungwa kwa gundi na nyuzi haidai ukamilifu. Daraja lililopinda halionekani kuwa kosa, maana kila kitu kando yake nacho kimeshonwa kwa mkono. Mandhari yanayoiga uhalisia kwa ukamilifu yangemtia aibu anayejifunza. Haya yanamwondolea woga, na woga ukiondoka, mikono huanza kazi.

Kaulimbiu ya mchezo ilimwita mtu kucheza, kuunda na kushirikisha. Tendo la tatu ndilo lililoifanya hadhira yake kuwa ya pekee. Wengi hawakuunda chochote. Walicheza hatua zilizoundwa na wenzao, wakazipa alama na kutafuta nyingine zaidi. Lakini bila wao mwundaji angekosa wa kumshangilia, na bila mwundaji wao wangemaliza hatua za kampuni na kuondoka. Hadi toleo la pili lilipotoka mwaka 2011, hatua zilizoundwa na wachezaji zilikuwa zimefika mamilioni. Mchezaji mmoja alitengeneza kikokotoo kizima cha kujumlisha na kutoa kwa pistoni na swichi za mchezo, kazi ambayo hakuna aliyemwagiza. Media Molecule nayo iliwaajiri baadhi ya waundaji hao. Mstari kati ya hadhira na mafundi ulikuwa umefutika.

Ndiyo maana yaliyofuata yanapaswa kutuuma. Mwaka 2021 seva za mfululizo huu wa michezo kwenye PlayStation 3 zilizimwa moja kwa moja, na mwaka 2024 zile za PlayStation 4 zikafuata. Mamilioni ya kazi za watu wa kawaida yakaondoka mahali yalipokuwa yakipatikana na wote.

Wanafunzi wa kompyuta na usanifu, ninyi ndio mtakaounda michezo ijayo. Jifunzeni kutoka kwa Sackboy namna ya kumkaribisha asiyejiamini. Lakini anayemwalika mtu kuunda amebeba dhamana ya kile kitakachoundwa. Basi pangeni tangu siku ya kwanza jinsi mchezaji atakavyobaki na nakala ya kazi yake, na jinsi maktaba zitakavyoihifadhi. Mchezo unaomwita mtu fundi hauna budi kumheshimu kama fundi, hata baada ya biashara kufungwa.