Kinga ya Akili Huanza Kabla ya Uzee

(Mazungumzo mbele ya watumishi wa Serikali na wananchi)



Nimepewa jukumu la kuzungumza nanyi juu ya jambo linalozigusa nyumba nyingi visiwani, ila hutajwa kwa kunong'onezana. Nalo ni maradhi ya kupotewa na akili uzeeni, ambayo matabibu huyaita demensia. Mzee huuliza jambo moja mara tano, hupotea njia ya msikiti aliouzoea, huwatuhumu wakaza wanawe kwa fedha alizozificha mwenyewe. Wapo wasemao karogwa. Wapo wasemao ni mchawi. Na walio wapole husema ni uzee tu. Kauli zote tatu si sahihi. Haya ni maradhi ya ubongo. Aina iliyo maarufu zaidi ilielezwa mwaka 1906 na Daktari Alois Alzheimer wa Ujerumani, ikachukua jina lake.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2021 watu milioni 57 walikuwa nayo, walio wengi katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Kwa upande wa Tanzania Bara, uchunguzi wa wilaya ya Hai, uliochapishwa mwaka 2013, ulionesha kiasi cha wazee 6 katika kila 100 wenye umri wa miaka 70 na zaidi.

Umri ndio sababu kubwa, na nasaba ina sehemu yake. Hayo hatuna mamlaka nayo. Hata hivyo, mwaka 2024 jopo la wataalamu wa jarida la Lancet lilitaja mambo 14 yanayorekebishika, na kukadiria kwamba lau yote yangeondolewa, karibu asilimia 45 ya maradhi haya ingezuilika au kucheleweshwa.

Mambo hayo yamefuata umri wa binaadamu:

1. Utotoni: kukosa elimu. Ubongo uliofunzwa huwa na akiba ya kuvumilia madhara.

2. Utu uzima: shindikizo la damu, kisukari, mafuta mabaya ya damu, unene uliopindukia, kutofanya mazoezi, sigara, ulevi, sonona, majeraha ya kichwa na uziwi.

3. Uzeeni: upweke, hewa chafu, na kutoona vizuri bila ya kutibiwa.

Shindikizo la damu huharibu mishipa midogo ya ubongo kimyakimya, mwenyewe asihisi lolote. Asiyesikia naye huacha baraza, hukaa peke yake, na ubongo wake hukosa kazi. Kwa hiyo kupima shindikizo, kuvaa kofia ngumu katika pikipiki, kutibiwa mtoto wa jicho na kupatiwa kifaa cha kusikia ni kinga ya akili pia.

Ndugu Wananchi, hadi leo hakuna dawa ya kuyaondoa kabisa maradhi haya. Lakini si kila usahaulifu ni demensia. Upungufu wa vitamini B12, maradhi ya tezi la shingo, sonona, na hata baadhi ya dawa huleta hali ya kufanana nayo, na hayo hutibika. Mfikisheni mzee hospitali kabla ya kumhukumu. Mwenye kumfungia chumbani humwongezea upweke, nao ni miongoni mwa sababu zenyewe.

Kwa watumishi wenzangu: tangu mwaka 2016 Zanzibar inalipa Pensheni Jamii kwa wazee wa miaka 70 na zaidi. Mzee akifika mbele yako akasahau jina lake, usimkaripie wala usimcheke. Rudia maneno taratibu, na muulize ameandamana na nani. Fedha zake zilindwe, maana asiyekumbuka hawezi kudai.

Wahenga walisema, penye wazee haliharibiki neno. Basi na sisi tuwahifadhi wazee wenyewe wasiharibikiwe, na tuanze leo kuzihifadhi akili zetu.